Nusu ya Kiti

Mheshimiwa Mwami, mtawala wetu wa jadi, nanyi wazee wa ukoo mlioketi pamoja naye. Viongozi wetu wa dini, sheikh na mchungaji. Mwakilishi wa ofisi ya mji. Rais wa chama cha waendesha pikipiki na wakuu wa parkingi zote, vituo vya pikipiki vya mji wetu wa Baraka. Majirani na akina mama wa soko. Nawe Mama yangu uliyeketi kwenye mkeka: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Mmekuja kuondoa matanga ya baba yetu, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nimepewa kazi ya kusema neno la ukoo. Sitawahutubia ninyi. Nimemwandikia yeye barua, na nitamsomea mbele yenu. Barua ni yake, lakini masikio ninayoyahitaji ni ya kwenu.

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Ulinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asishike usukani. Hukunikataza kushika kalamu. Nimesubiri hasira hii ipoe kama injini inavyopoa ikishaegeshwa kivulini, lakini haikupoa, na leo nimeacha kuisubiri.

Unazikumbuka Jumapili zetu za mto Mutambala? Baada ya ibada ulikuwa ukiisukuma pikipiki yako mpaka kwenye maji ya kina kifupi, nami nikikufuata na sabuni na kitambaa. Mdogo wangu Wilondja alikuwa bado anabebwa mgongoni. Waendeshaji wengine nao walileta zao, na ukingo wa mto ukageuka uwanja wa maonyesho. Tuliketi juu ya jiwe, magoti yetu yakidondosha maji, tukizipima moja moja. Wewe ulinifundisha kuitazama pikipiki kama mtu anavyomtazama ng'ombe kabla ya kumnunua: miguu kwanza, kisha mgongo, na rangi mwisho kabisa.

Kulikuwa na zile ndefu zilizoshuka kutoka milima ya Minembwe, zenye springi ndefu na magurudumu ya meno, matope yamekauka juu yake hadi kwenye taa. Zilipita mahali ambapo hata mbuzi husita. "Hii inapenda njia," ulisema, "lakini haipendi batu." Ili nione jinsi isivyopenda watu, ukanionyesha kiti chake chembamba na kirefu kwenda juu, ambacho mtu mfupi hukipanda kama anayeruka ukuta.

Kulikuwa na zile pana za wafanyabiashara, usukani umerudi nyuma kama pembe, kiti kimeshuka chini na kina mahali pa kuegemeza mgongo. Dereva wake huketi kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Kwenye tambarare ya kando ya ziwa hakuna raha inayoizidi. Ukiielekeza kwenye mawe ya kupanda Fizi, tumbo lake linagonga kila jiwe, na yule bwana aliyeketi kwa heshima anashuka na kuanza kusukuma.

Halafu zile za mbio. Baba, sitadanganya leo ili hasira yangu ipate haki: zilikuwa nzuri. Tangi limevimba kama kifua cha jogoo, usukani umeinamishwa, mkia umenyanyuliwa juu, na mwili wote umejikunja kama paka anayetaka kuruka. Mimi ndiye niliyesema, nikiwa na sabuni hadi kwenye viwiko, "Baba, hii inakimbia hata ikiwa imesimama." Ulicheka mpaka ukashika jiwe. Wiki iliyofuata kijana mmoja alikuazima yake nyekundu. Ulitoweka kwenye barabara ya tambarare, sauti ikapanda kama filimbi, kisha ukarudi na machozi ya upepo mashavuni, unacheka kama mtoto.

"Iko tamu," uliniambia. "Iko tamu sana. Lakini ni utamu ya muntu moja."

Kisha ukanieleza kwa utulivu wako. Nguvu ya ile pikipiki ilikaa juu. Ilibidi uipigishe kelele ndipo ije. Ipe mzigo na mlima, inalia, inapata joto, klachi inaanza kunuka. Ya kwako nguvu yake ilianzia chini. Ilikuwa na taa ya duara, usukani ulionyooka, na injini isiyojua haraka. Kwenye gia ya pili ilipanda mlima kwa sauti nzito, kama mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani ambaye hakuna wa kumkimbiza. Na ilikuwa na kile kiti: kirefu, bapa, cheusi, ambacho ulikuwa umemwomba fundi akiongeze nyuma, akaunga chuma na kushona sponji mpya.

Vijana wa parkingi ya soko walikutania kila asubuhi, wakikifananisha na benchi la kanisani.

"Mzee, hii yako iko pikipiki ao iko banki ya kanisa? Inakosa tu padiri!"

Nawe, bila kugeuka, ukiendelea kufuta taa: "Padiri nilisha mubeba. Alikaa katikati, akaomba mpaka Fizi."

Katikati. Neno hilo ndilo sababu ya kiti kile, na kila mtu aliyeketi hapa analijua. Kule ambako gari halifiki, mgonjwa asiyeweza kujishikilia hubebwa katikati: dereva mbele, mgonjwa nyuma yake, ndugu nyuma ya mgonjwa, na kitenge kimoja kinazungushiwa wote watatu na kufungwa mbele ya tumbo la dereva. Hivyo ndivyo wengi wenu mlivyofika hospitali. Hivyo ndivyo baadhi yenu mlivyofika duniani.

Mimi nilikuwa mtu wa nyuma siku ulipomteremsha bibi yetu kutoka Kilembwe. Safari ya kutwa nzima. Kichwa chake kilikuwa kimelala kati ya mabega yako, mikono yangu imemzunguka hadi imeshika mkanda wako, na homa yake ilinichoma kifuani kupitia nguo mbili. Kila alipokuegemea kwa uzito nilipiga kelele, nikidhani amekufa. Ukageuza kichwa kidogo na kuniambia neno ambalo sijalisahau: "Mugonjwa akikuegemea, usiogope. Ogopa akiacha."

Ndivyo ulivyoendesha, Baba. Wengine walisikiliza injini. Wewe ulisikiliza mgongo wako. Bibi alipona, akaishi nasi miaka, na shukrani yake ilikuwa kukulalamikia mbele ya wageni: "Huyu anaendesha sawa batu banasindikiza maiti!" Kama watu wanaosindikiza maiti! Tulicheka sana. Nakuomba ulishike neno hilo la bibi, kwa sababu nitalirudia.

Magoti yako yalipochoka ulimpa Wilondja ufunguo. Ulimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto. Lakini parkingi aliyoirithi haikuwa ile uliyoiacha. Mmoja alileta ya mbio, nyekundu. Wa pili akaleta ya bluu. Abiria wakaanza kuchagua, na abiria ndio sisi: mwalimu anayekwenda shuleni, msichana anayekwenda harusini, mama mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye zamani angeuliza kiti kiko wapi, sasa anauliza rangi. Wale wasioweza kununua ya mbio walipeleka ya kazi kwa fundi. Fundi alikata chuma cha nyuma kwa msumeno, akakiinua, akakichomelea kikiwa kinatazama mawinguni, akaweka juu yake kiti kidogo kama kiganja. Wakaita kazi hiyo kunyanyua mkia. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyesema, "Leo Baraka inaacha kubeba wagonjwa." Kila mmoja alikata kiti chake peke yake, na kila mmoja alidhani mwingine amebaki nacho.

Wilondja yuko hapa. Amesimama karibu na mlango na hajaketi tangu mlipoanza kuingia. Nilimwambia jana nitakayoyasema, naye hakunizuia. Nakumbuka jioni aliyokujia akiwa na vumbi la siku nzima na mfuko mtupu.

"Papa, batu habapandake hii pikipiki. Mi nashinda pale parkingi sawa mulinzi. Banapita mbele yangu, banasalimia, banapanda ya mwenzangu."

Ukasema, "Fanya vile unaona." Baba, nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutembea juu ya ardhi hii, na kwa maneno hayo nimekukasirikia. Ulijua kiti kile kilikuwa kazi gani. Uliwabeba watu maisha yako yote ukidhani mgongo wako unasema wenyewe. Haukusema. Kijana mwenye njaa hasikii mgongo wa mtu mwingine. Alihitaji mdomo wako, nawe uliufunga kwa upole. Upole ule ulitugharimu.

Siku ile ya mwisho ulikuwa juu shambani, kwenye lile la mihogo lililo kando ya njia ya kupanda Fizi, pale ambapo mvua ilikuwa imekata barabara na gari halikuweza kupita. Tumbo lilikushika asubuhi. Mama alipiga simu: "Wilondja, kuja na pikipiki, papa yako hawezi kusimama." Na alikuja! Alifika kabla maji aliyoyaweka Mama motoni hayajachemka. Hakuna pikipiki iliyowahi kupanda mlima ule kwa kasi ile. Kwa kasi, hatuna la kulaumu.

Ulikuwa umelala kwenye mkeka mlangoni. Ulifungua macho, ukaitazama pikipiki yako, mkia wake juu, kiti chake kidogo kimeinama mbele. Ukamuuliza mwanao, "Banki ya kanisa iko wapi?"

Mpaka leo hajakujibu.

Mama na Wilondja walikuketisha. Kiti cha namna ile humweka abiria juu ya dereva, kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa paa. Msichana mwenye afya hujishikilia kwa magoti na mikono. Mtu aliyeishiwa nguvu huteleza mpaka kwenye shingo ya dereva. Mama alitaka kupanda nyuma yako akushike, lakini hapakuwa na nyuma. Palikuwa na namba ya pikipiki, na hewa. Wakakufunga kwa kitenge peke yako na Wilondja. Kwenye kona ya kwanza uzito wako wote ulihamia upande mmoja, pikipiki ikalala, na mguu wa Wilondja ukabaki chini yake ili usiwe wako. Makovu anayo. Simwonei huruma, lakini nayasema kwa kuwa ni kweli.

Walikurudisha shambani, kisha Wilondja akawapigia simu wenzake wa parkingi. Nao walikuja, wote; mimi mwenyewe nilipanda moja ya hizo pikipiki. Uwanja mdogo wa shamba ulijaa nyekundu na bluu na rangi ya dhahabu, injini zinapumua, mabomba yanang'aa. Vijana waliruka chini tayari kukubeba. Kisha wakaanza kutazamana. Niliyaona macho yao yakitoka kiti hadi kiti, yakitafuta kimoja, kimoja tu kilicho kirefu. Hapo ndipo walipojua walichokifanya. Walijua wote kwa wakati mmoja, wamesimama kati ya pikipiki nzuri kuliko zote zilizowahi kukusanyika mahali pamoja katika Fizi, na hakuna hata moja iliyoweza kumbeba mzee mmoja.

Tukakata miti miwili, tukafunga blanketi, tukakuweka kwenye machela. Vijana walipokezana mabegani. Hilo nitawashukuru daima. Waliobaki walikuja nyuma wakiendesha pikipiki zao kwa mwendo wa miguu. Zile za mbio hazijui kutembea. Zilikuwa zinashtuka, zinazimika, zinanguruma, zinashtuka tena. Nami nikiwa kando ya machela nilimsikia bibi, aliyekufa zamani, akisema nyuma yangu: sawa batu banasindikiza maiti. Ila wewe ulikuwa bado hai, Baba. Walikusindikiza ukiwa hai.

Tulikuwa tumeanza kuona mabati ya Baraka na maji ya ziwa nyuma yake wakati Mama, aliyekuwa anatembea ameshika mkono wako, aliposimama. Hakulia. Aliwaambia wabebaji, "Mumushushe tu. Haraka imeisha."

Hatujui ni kwenye kona gani ulituacha. Hilo ndilo linaloniamsha. Wewe uliyemjua kila mgonjwa kwa uzito wake mgongoni, wewe uliyetambua mtu anapotaka kuondoka kabla hajaondoka, ulipoondoka mwenyewe hapakuwa na mgongo hata mmoja wa kukusikia. Sidai kwamba ungepona. Daktari hakusema hivyo na mimi sitatia maneno kinywani mwake. Nadai kwamba ulistahili kufika.

Kwenye mazishi walikupa heshima ya waendesha pikipiki. Waliongoza jeneza wakinguruma, wakinyanyua magurudumu ya mbele, mmoja amesimama juu ya kiti na mikono yake angani. Kisha wakatoa hotuba. "Tumempoteza baba wa barabara." Na wengine wakatufariji kwa neno lile ambalo halina wa kulijibu: Mungu ndiye aliyepanga. Viongozi wa dini mnisamehe, nasema haya kwa heshima na kwa imani. Mungu hupanga siku za mtu. Lakini Mungu hana msumeno. Kile kiti kilikatwa na mkono tunaoujua, katika garaji tunayoijua, mchana kweupe, kwa sababu ambayo sote tuliipigia makofi kila tulipopanda ile iliyo nzuri.

Nilikwenda kwa fundi kukitafuta kipande cha nyuma cha kiti chako, ile nusu iliyokatwa. Nilidhani kimetupwa. Baba, alikuwa amekiweka ukutani juu ya mawe mawili, na kijana mmoja anayesubiri kunyanyuliwa mkia wa pikipiki yake alikuwa ameketi juu yake, anakunywa chai. Niliuliza, "Hiki umekipata wapi?" Fundi akajibu kwa kujivunia, "Ya mzee wako, dada. Sponji yake nzuri, haichoki. Wateja banaipenda." Nilimwomba kijana asimame. Alisimama haraka, nadhani aliuona uso wangu. Nilikibeba mikononi kupita sokoni hadi nyumbani.

Kipo hapa. Nimekiweka mbele ya wakuu wa parkingi, kwenye kitambaa cheupe. Kitazameni vizuri. Hapo, karibu na mshono, pamebonyea. Si wewe uliyepabonyeza, Baba. Wewe uliketi mbele. Ni mahali pa mtu wa katikati.

Sitaki zile za mbio zichomwe. Ulizipenda mwenyewe, na mimi nilizipenda kabla yako. Kijana ana haki ya upepo wake. Lakini mji unaoacha kila mtu achague utamu wa mtu mmoja, siku moja utaamka na kukuta hauna mahali pa kumweka mtu wa pili. Sisi tumeamka siku hiyo. Na hasira yangu, niliyokuja nayo nikidhani ni ya kaka mmoja na fundi mmoja, imekua mpaka imetujaa wote, na nimeamua kuifanyia kazi badala ya kuizika nawe.

Jana ukoo ulikaa. Wazee walisema, na Wilondja alisema, na nitakuambia walichoamua mbele ya hawa wanaopaswa kukitenda. Kila parkingi ya Baraka itakuwa na pikipiki moja ya kiti kirefu. Mwenye hiyo atapewa abiria wa kwanza kila asubuhi, kabla ya nyekundu na kabla ya bluu, ili asilale njaa kwa kuwa pikipiki yake haina sura nzuri. Akiitwa kwa ajili ya mgonjwa, wote watamwachia njia. Ya parkingi ya soko itakuwa ile yako. Wilondja ataurudisha mkia chini kwa mkono wake mwenyewe, fundi ataunga chuma alichokikata, na nusu hii itashonwa mahali pake. Ataiendesha Wilondja. Hiyo si adhabu. Ndilo jibu la swali ulilomuuliza mlangoni.

Mmoja wa wazee aliuliza itakuwaje kama wakisema ndiyo leo na kusahau kesho. Ndipo Mama, ambaye tangu ulipoondoka analala chini na ambaye leo tulikuwa tumuinue, tumwogeshe na kumvisha kitenge kipya, alisema bila kupaza sauti: "Mi nitabaki kwa mukeka. Baende bashone kiti kwanza." Tulimwomba. Tulimwambia sakafu ina baridi na mgongo wake si wa zamani. Akatuambia, akiwakusudia hawa wakuu wa parkingi, "Mulisha niambia. Sasa mubaambie bale."

Pumzika, Baba. Nakuaga kwa namna uliyowaaga wagonjwa wako pale mlango wa hospitali, ukifungua kitenge polepole ili mtu asianguke: umefika, shuka bila haraka, tuko nyuma yako.

Binti yako wa kwanza,
aliyekuwa mtu wa nyuma.

Mheshimiwa rais wa chama, wakuu wa parkingi: barua imekwisha. Chakula kipo, mtakula kama wageni wetu, na hatutamfukuza mtu. Lakini yale mliyokuja kuyafanya hayatafanyika leo. Matanga hayajaondolewa, wala hayataondolewa mpaka kila parkingi iegeshe kiti kirefu mbele ya nyumba hii. Siku ya kurudi mtaichagua ninyi. Mkiichagua, kumbukeni tu kwamba Mama yuko chini, kwenye mkeka, na anawasubiri.